Fahali Mmoja, Maksai Wengi: Uamuzi wa Kuhasi au Kuzalisha Mbwa Dume katika Bute

Utangulizi

Mfugaji wa ngamia hahitaji kufundishwa kwamba si kila dume anafaa kuachwa azalishe. Humtazama ndama dume tangu angali ananyonya, akakumbuka mama yake alivyotoa maziwa wakati wa kiangazi na baba yake alivyostahimili safari ndefu zisizo na maji. Kisha huamua: huyu atakuwa dume la mbegu, na yule atahasiwa abebe mizigo. Uamuzi wa namna hiyo ni jambo la kawaida katika Bute, makao makuu ya eneo la Wajir Kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya na Ethiopia. Hata hivyo, kando ya zizi hilo hilo huishi dume mwingine ambaye aghalabu hatima yake ya uzazi haiamuliwi na mtu yeyote. Dume huyo ni mbwa.

Makala haya yanaeleza mambo anayopaswa kuyapima mwenye mbwa dume anapojiuliza kama amhasi au amzalishe. Bute imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali ambapo elimu ya kuchagua dume la mbegu ni urithi wa vizazi vingi. Pili, ni mahali ambapo swali hili linagusa kwa pamoja ulinzi wa mifugo, sheria ya dini, afya ya watoto na uhaba wa huduma za mifugo. Dai la makala ni moja: mwenye mbwa dume asiyeamua lolote huwa ameamua kuzalisha, na ameamua kwa njia mbaya kuliko zote, kwa kuwa hajui mbwa wake amezaa na nani, wapi, wala nani atawalisha watoto.

Mbwa wa boma na mbwa kipenzi

Katika vitabu vingi vinavyoandikwa Ulaya na Marekani, mbwa kipenzi ni mbwa anayeishi ndani ya nyumba na kulala karibu na bwana wake. Picha hiyo haifai kuhamishiwa Bute. Wakazi wengi wa huko ni Waislamu, na katika Afrika Mashariki madhehebu ya Shafii ndiyo yaliyoenea zaidi. Kwa madhehebu hayo mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hiyo mahali pa mbwa ni nje, karibu na uzio wa miiba, penye mbuzi na kondoo.

Ni kosa lakini kudhani kwamba mbwa hana hadhi yoyote katika jamii hiyo. Mafundisho ya Uislamu yanaruhusu kufuga mbwa wa kuchunga mifugo, wa kuwindia na wa kulinda shamba, na kisa cha vijana wa pangoni katika Kurani kinamtaja mbwa wao aliyejinyoosha mlangoni. Mbwa anayebweka usiku fisi anapokaribia zizi ana kazi inayojulikana na kuthaminiwa. Mapenzi ya mwenye boma kwa mbwa wake hayaonekani kwa kumpakata, bali kwa kumwekea chakula, kumwita kwa jina na kumtegemea. Kwa maana hiyo mbwa wa Bute naye ni kipenzi, ila ni kipenzi mwenye ajira.

Tofauti hii ina uzito katika uamuzi unaojadiliwa. Anayeishi mjini huuliza kama mbwa wake atatulia ndani ya ua. Mwenye boma huuliza kama mbwa wake atabaki karibu na mbuzi usiku kucha, au atavuka bonde kufuata jike na kuliacha zizi bila mlinzi.

Msamiati wa kuhasi

Lugha za wafugaji zina utajiri mkubwa katika jambo hili. Katika Kisomali, ngamia dume wa mbegu huitwa baarqab, ngamia dume wa mizigo huitwa awr, na mnyama aliyehasiwa huitwa dhufaan. Katika Kiborana, fahali ni korma na maksai ni sangaa. Lugha hizi mbili husikika katika Wajir Kaskazini, na mtoto wa mfugaji huzijua tofauti hizo kabla hajaingia darasa la kwanza.

Kiswahili nacho hakikuachwa nyuma. Fahali ni ng'ombe dume aliye kamili, na asili ya neno hilo ni Kiarabu, fahl, lenye maana ya dume. Maksai ni ng'ombe dume aliyehasiwa. Beberu ni mbuzi dume, naye ndafu ni mbuzi anayenoneshwa kwa ajili ya karamu, ambaye aghalabu huwa amehasiwa ili nyama yake iwe laini na isiwe na harufu kali ya beberu. Kitenzi hasi, chenye asili ya Kiarabu pia, ndicho kinachotaja tendo lenyewe, na mwanafunzi asikichanganye na neno hasi lililo kinyume cha chanya. Hata kwa binadamu liko jina, towashi, linalokumbusha enzi za makasri na harimu.

Tazama basi pengo lililopo. Kwa mbwa aliyehasiwa, Kiswahili hakina jina. Msemaji hulazimika kutumia maelezo: mbwa aliyehasiwa. Badala yake lugha ina mbwa koko, jina la mbwa asiye na mwenyewe, anayezurura majalalani na kuzaliana ovyo. Kwa maneno mengine, lugha imeyapa majina matokeo ya uamuzi kwa ng'ombe na mbuzi, lakini kwa mbwa imeyapa jina matokeo ya kutoamua.

Sababu ya pengo hilo si vigumu kuikisia. Maksai hulima na kuvuta mkokoteni, na ndafu huliwa. Mbwa haliwi wala halimi. Hakuna faida ya mezani au ya shambani iliyowasukuma wasemaji kumbunia jina. Leksikoni hufuata maisha, na pale ambapo maisha hayakudai tofauti, neno halikuzaliwa. Hata hivyo, kukosekana kwa neno hakumaanishi kukosekana kwa haja. Haja yaweza kuja leo, na neno likafuata kesho.

Mizani ya fikihi

Mstari huo wa msamiati unalandana kwa namna ya kuvutia na mstari mwingine, ule wa fikihi. Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii aliyefariki mwaka 1277, alieleza kwamba kumhasi mnyama asiyeliwa ni haramu, na kwamba mnyama anayeliwa yajuzu kuhasiwa akiwa mdogo, wala haijuzu akiwa mkubwa. Kwa kipimo hicho mbuzi mdogo yuko upande mmoja wa mstari na mbwa yuko upande wa pili. Si lazima kudai kwamba fikihi ndiyo iliyounda msamiati au kinyume chake. Inatosha kuona kwamba vyote viwili vimejengwa juu ya swali moja: je, tendo hili lina manufaa gani yanayohalalisha maumivu ya mnyama?

Swali hilo la manufaa ndilo lililowafanya wanavyuoni wengine kufikia jawabu tofauti. Katika madhehebu ya Hanafi, kuhasi wanyama kumeruhusiwa pale penye manufaa au panapozuiwa madhara. Katika zama za karibu, Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudia, aliyefariki mwaka 2001, alipoulizwa kuhusu paka waliokithiri na kuudhi watu, alieleza kwamba hakuna ubaya kuwazuia kuzaa ikiwa upasuaji hautawadhuru, kwani hilo ni afadhali kuliko kuwaua. Mjadala kuhusu mbwa unaweza kupimwa kwa hoja hiyo hiyo.

Fikihi inagusa pia upande wa pili wa uamuzi, yaani kuzalisha. Mtume alikataza malipo ya kupandisha dume, na alikataza thamani ya mbwa. Wanavyuoni wa Shafii wameyashika makatazo yote mawili. Kwa hiyo ile hoja ya mjini, kwamba mbwa dume wa mbegu nzuri ni mtaji kwa sababu kila jike atakayempanda ataleta fedha na kila mtoto atauzwa, haimsaidii mwenye boma anayefuata madhehebu hayo. Kwake yeye, kuzalisha mbwa kuna faida moja tu halali: kupata mlinzi mwingine wa mifugo.

Makala haya hayatoi fatwa. Yanasema tu kwamba mwenye mbwa katika Bute hawezi kuufikia uamuzi wake kwa kumsikiliza daktari wa mifugo peke yake. Atamwendea pia mwanachuoni anayemwamini, na anapomwendea ni vyema awe na taarifa kamili kuhusu kinachofanyika, manufaa yake na madhara yake, ili swali lake liwe swali la kweli.

Kuhasi hufanya nini

Kumhasi mbwa ni kumwondolea mapumbu kwa upasuaji, akiwa amelazwa usingizi wa dawa. Mapumbu ndiyo yanayotengeneza mbegu na sehemu kubwa ya homoni ya kiume iitwayo testosteroni. Baada ya upasuaji kiwango cha homoni hiyo hushuka haraka, lakini mbegu zilizosalia katika mirija huweza kudumu kwa wiki kadhaa. Kwa sababu hiyo dume aliyehasiwa jana asiaminiwe leo karibu na jike mwenye joto.

Faida za kiafya ziko wazi. Mbwa asiye na mapumbu hapati saratani ya mapumbu, na tezi yake ya kibofu haivimbi uzeeni kama ya dume kamili. Zaidi ya hayo, mbwa wanaozurura huambukizana kwa kujamiiana uvimbe wa saratani ambao ni miongoni mwa magonjwa ya ajabu ya viumbe, kwa kuwa chembe za saratani zenyewe ndizo zinazohama kutoka mbwa hadi mbwa. Dume asiyetafuta majike hukutana na hatari hiyo kwa nadra.

Kuhusu tabia, uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1976, uliowahusisha mbwa dume 42 waliohasiwa wakiwa wakubwa, ulionyesha kwamba kuzurura kulipungua kwa takriban asilimia 90 ya wale waliokuwa na tabia hiyo, na kupigana na madume wengine kwa takriban asilimia 60. Hizi si takwimu za Bute, na idadi ya mbwa ilikuwa ndogo. Hata hivyo zinaonyesha mwelekeo: kuhasi hugusa zaidi tabia zinazotokana na kutafuta jike, na hugusa kidogo tabia nyingine.

Hapa ndipo inapojibiwa hofu kubwa ya mwenye boma, kwamba mbwa aliyehasiwa atakuwa goigoi na fisi watajichukulia mbuzi. Kubweka kwa mgeni na kulinda kundi hakutokani na tamaa ya jike. Hutokana na mbegu ya mbwa na malezi yake, hasa kuzoeshwa mifugo angali mtoto. Wafugaji wa kondoo nchini Marekani wanaotumia mbwa walinzi wameshauriwa kwa miaka mingi na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo kuwahasi mbwa wasiotakiwa kuzalisha, kwa hoja kwamba ulinzi haupungui na mbwa hukaa zaidi na kundi. Mfugaji anayekumbuka jinsi ngamia aliyehasiwa anavyotembea safari nzima bila kugombana na wenzake hatashangazwa na jambo hili.

Madhara nayo yapo, na si haki kuyaficha. Upasuaji wowote ni hatari: mbwa anaweza kufa kwa dawa ya usingizi, kutokwa na damu nyingi au kuoza kidonda. Mbwa aliyehasiwa hunenepa kwa urahisi, ingawa katika nchi kavu kama Wajir shida ya mbwa si wingi wa chakula. Muhimu zaidi ni umri. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu mbwa wa aina ya Golden Retriever, ulionyesha kwamba madume waliohasiwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja walipata ugonjwa wa nyonga mara mbili zaidi ya wale ambao hawakuhasiwa. Uchunguzi uliofuata wa chuo hicho ulionyesha kwamba hatari hiyo hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, na kwamba mbwa wadogo wa umbo huathirika kidogo. Funzo ni kwamba mbwa mkubwa wa kutembea na mifugo asihasiwe angali anakua, bali asubiriwe mifupa ikomae.

Jambo la mwisho katika sehemu hii linahusu mkono unaofanya kazi hiyo. Mfugaji hodari wa kuhasi fahali kwa koleo la burdizo anaweza kushawishika kulitumia kwa mbwa. Asifanye hivyo. Koleo lile limeundwa kwa wanyama wenye mfuko wa mapumbu unaoning'inia, na kulitumia kwa mbwa aliye macho ni kumtesa. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamlinda mbwa kama inavyomlinda punda. Nayo sheria ya mwaka 2011 kuhusu madaktari wa mifugo na wasaidizi wao inaweka bayana kwamba tiba ya wanyama ni kazi ya waliosajiliwa. Kama hakuna mtaalamu aliyesajiliwa anayeweza kufika, jawabu sahihi ni kungoja, wala si kutafuta kisu.

Hoja za kuzalisha

Iko hoja moja ya kuzalisha yenye nguvu kweli kweli. Mbwa wa Bute hakuletwa kutoka ng'ambo. Ni mbwa wa nchi kavu, aliyechujwa na jua, kiu na magonjwa kwa vizazi vingi. Mbwa wa namna hiyo anayejua mifugo, asiyekula mbuzi mchanga, asiyewauma watoto na anayesimama imara mbele ya fisi, ni hazina isiyopatikana dukani. Akihasiwa kabla hajaacha mrithi, sifa zake huzikwa naye. Mfugaji anayemchagua dume kama huyo awe wa mbegu anafanya kwa mbwa kile anachokifanya kwa ngamia, na uamuzi wake ni wa busara.

Hoja nyingine hazina uzito huo. Ya kwanza ni imani kwamba dume lazima apande jike angalau mara moja ndipo atulie. Ukweli uko kinyume. Dume aliyepanda hujifunza, na hamu yake ya kutafuta majike haipungui. Ya pili ni huruma ya kumfananisha mbwa na mwanamume, kana kwamba mbwa huwaza kuhusu ukoo wake na jina lake. Huruma hiyo ni ya lugha zaidi kuliko ya mnyama. Katika Kiswahili, dume ni sifa ya ushujaa, na fahali ni sitiari ya mkuu asiyetaka mshindani, kama methali inavyosema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Beberu naye alikwishapandishwa cheo katika msamiati wa siasa hadi akawa mtawala anayekandamiza mataifa. Mtu aliyelelewa na tamathali hizo huona kuhasiwa kwa mbwa wake kama kudhalilishwa kwake mwenyewe. Ni vyema atenganishe tamathali na mnyama: mbwa hajui sitiari.

Hoja ya tatu, ile ya fedha, imekwisha kujibiwa katika mizani ya fikihi. Hata asiyefungwa na mizani hiyo ajiulize kama kuna mnunuzi. Jike wa mbwa hubeba mimba kwa takriban siku 63 na anaweza kupata joto karibu mara mbili kwa mwaka. Kati ya mwaka 2020 na 2023, misimu mitano ya mvua mfululizo ilikosa kunyesha ipasavyo katika Pembe ya Afrika, na mamilioni ya mifugo yakafa. Boma lililokosa maziwa ya watoto halina makombo ya watoto wa mbwa. Watoto waliozaliwa bila mpango katika msimu kama huo ndio wanaogeuka mbwa koko, na mbwa koko mwenye njaa huanza kuwala mbuzi ambao baba yake alikuwa akiwalinda.

Idadi ya mbwa na kichaa chao

Ni lazima hapa kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: kupunguza idadi ya mbwa na kuzuia kichaa cha mbwa.

Kuhusu idadi, kumhasi dume mmoja hakupunguzi idadi ya watoto wa mbwa katika mji. Dume mmoja aliyesalia anaweza kuwapanda majike wengi, kama vile baarqab mmoja anavyolitosheleza kundi zima la ngamia. Mfugaji anaujua ukweli huu kuliko mtu yeyote, kwani ndio msingi wa kuwahasi madume wengi na kumwacha mmoja. Kwa hiyo mji unaotaka mbwa wachache utawafunga kizazi majike na kuzuia utupaji ovyo wa mabaki ya machinjioni yanayowalisha mbwa koko. Kumhasi dume ni uamuzi wa boma moja: kumfanya mlinzi abaki na kundi, asiumizwe, asirudi na maradhi.

Kuhusu kichaa, kuhasi si chanjo. Mbwa aliyehasiwa akiumwa na mbwa mwenye kichaa ataambukizwa kama mwingine yeyote. Faida ni kwamba dume asiyezurura hukutana na mbwa wageni kwa nadra na hapigani sana. Lakini ngao halisi ni sindano ya chanjo. Ugonjwa huu, dalili zake zikishaonekana kwa binadamu, huua karibu kila mara, na duniani kote takriban wagonjwa 99 kati ya 100 waliambukizwa na mbwa. Mkakati wa Kenya uliozinduliwa mwaka 2014 unalenga kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na msingi wake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa.

Kwamba jambo hili linawezekana katika jamii ya Waislamu wanaoweka umbali kati yao na mbwa, ushahidi uko Pemba. Kisiwani humo, kampeni za kuchanja mbwa ziliuondoa ugonjwa huo mwaka 2014. Uliporudi mwaka 2016, baada ya chanjo kulegea, watu waliumwa na vifo vikatokea tena, hadi kampeni zilipofufuliwa na ugonjwa ukaondolewa kwa mara ya pili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Pemba ilijenga ukuta wake mara mbili.

Kwa hiyo mwenye boma aliye na fedha au nafasi ya huduma moja tu aanze na chanjo. Kuhasi kutafuata. Na aliyeumwa na mbwa, awe wa kwake au wa jirani, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha akimbilie kituo cha afya apate chanjo bila kungoja kuona mbwa atafanya nini.

Njia ya kufikia uamuzi

Baada ya kuyapima yote hayo, uamuzi unaweza kupangwa katika maswali machache.

Swali la kwanza ni la kazi: je, mbwa huyu ni mlinzi bora kiasi cha kutamani wengine kama yeye? Kama jawabu ni hapana, kumzalisha hakuna hoja. Mbwa mwoga, mwenye kuuma watu ovyo au mwenye kula watoto wa mbuzi hapaswi kuwa dume la mbegu, kama vile ngamia mbishi asivyoachwa kuwa baarqab.

Swali la pili ni la watoto: wako wenye maboma wangapi waliokwisha kuomba mtoto wa mbwa huyu? Ahadi itangulie mimba. Anayezalisha kwanza na kutafuta walezi baadaye anaongeza mbwa koko.

Swali la tatu ni la jike: je, anajulikana, ni mzima, amechanjwa, na mwenyewe ameridhia? Kuzalisha kwa kuchagua kunahitaji kumfunga dume au jike wakati wa joto ili asipandwe na mwingine. Asiyeweza kufanya hivyo hazalishi, anaacha tu mambo yajiendee.

Swali la nne ni la huduma: je, yuko mtaalamu aliyesajiliwa anayeweza kuhasi kwa dawa ya usingizi na kukiangalia kidonda? Mji wa Wajir uko zaidi ya kilomita 100 kutoka Bute, na safari ya upasuaji si jambo dogo. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia serikali za kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa. Kwa hiyo ombi la wakazi kwamba timu ya chanjo ije pia na uwezo wa kuhasi si ombi la hisani. Ni wajibu uliotajwa katika sheria kuu ya nchi.

Swali la tano ni la dhamiri: je, mwenye mbwa ameuliza kwa mwanachuoni wake na kuridhika? Asiyeridhika kuhasi hajafungiwa mlango. Anaweza kumzuia dume wake kwa kamba nyakati za usiku majike wanapokuwa na joto, kumlisha vizuri ili asitafute chakula mbali, na kumchanja kila inapotakiwa. Njia hii inadai bidii zaidi kuliko upasuaji, lakini ni njia halali inayowafaa wengi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba swali la kumhasi au kumzalisha mbwa dume halina jawabu moja linalofaa kila boma. Mbwa bora, mwenye walezi waliokwisha kuahidiwa watoto wake na jike anayejulikana, ana haki ya kuwa fahali wa kizazi chake. Walio wengi hawana sifa hizo, na kwao kuhasiwa na mtaalamu wakiwa wamekomaa, au kuzuiwa kwa uangalifu pale ambapo dhamiri ya mwenye mbwa inakataa kisu, ni jambo lenye faida kwao na kwa mifugo wanayoilinda. Kwa wote wawili, chanjo haina mjadala.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili iko kazi nyingine. Istilahi za mifugo hukusanywa kwa bidii pale zinapohusu maziwa na nyama, lakini istilahi za mnyama anayezilinda zimesahauliwa. Mtafiti atakayekaa na wafugaji wa Bute, akasikiliza wanavyomtaja mbwa wao kwa Kiborana na kwa Kisomali, huenda akarudi na neno litakaloziba pengo lililoachwa kati ya maksai na mbwa koko. Siku neno hilo litakapopatikana, mwenye boma atakuwa na jina la kuliitia jambo ambalo hadi sasa analiacha usiku uliamue.